Saa tano za mkono kwa nyumba ya mchimbaji, bila kuua mshahara

Wandugu wa posti ya asubuhi na wa posti ya usiku, na ninyi mama na watoto mnaobaki ku nyumba, mara hii hatuandiki juu ya bei ya unga wala juu ya uchaguzi wa madelege. Tunaandika juu ya saa ya mkono. Tunajua wengine watacheka. "Montre ya nini? Telefone iko mu mufuko."

Kweli, telefone inaonyesha saa. Lakini ku kazi nyingi za mine telefone inabaki ku mlango, sababu ya usalama. Dereva wa lori kubwa haruhusiwi kuishika, mtu wa chini ya ardhi pia, na pale wanapotega baruti hata kuiwasha ni kosa. Basi kuanzia dakika unapopita ku mlango mpaka dakika bisi inapokurudisha ku cité, saa yako iko mu kinywa cha mtu mwingine. Shefu wa ekipi akisema ni 17h40, ni 17h40. Utamjibu na nini?

Sheria ya kazi ya inchi yetu, ile ya tarehe 16 Oktoba 2002, inasema kazi isipite saa 45 kwa juma na saa 9 kwa siku. Hiyo wengi wanaijua. Wanayosahau ni maneno yanayofuata: hesabu inaanza pale mfanyakazi anapokuwa pahali pa kazi, tayari kwa kutumwa na mwenye kazi, na inaisha pale kutumwa kunapoisha. Safari ya kutoka nyumbani na kurudi haihesabiwi, isipokuwa kama safari yenyewe ni sehemu ya kazi. Someni tena polepole. Kungoja kaji ya kushuka, kungoja taa na kofia, kungoja ekipi nyingine ije kupokea mashini: juu ya dakika hizo njo tunabishana kila mwaka na wakubwa, na mtu anayebishana bila saa anabishana mikono mitupu.

Tuwape mfano mmoja. Kampani hatuitaji, maana mambo yaliisha kwa mazungumzo na watu wetu wangali pale. Ku mlango kulikuwa saa kubwa ya ukutani, na karani wa pointage alikuwa anaifuata hiyo. Watu walilalamika: asubuhi wanaandikwa wachelewaji hata wakifika mapema, na jioni wanatoka giza. Wakubwa walijibu kwamba hayo ni maneno ya ku baa. Tukaamua hivi. Watu kumi na wawili wa posti moja watavaa saa ya mkono, yoyote, ya bei yoyote. Kila siku ya Mungu jioni tunazipatanisha zote. Kila mtu ana kadaftari kake: saa ya kuingia, saa ya kuanza kazi, saa ya kutoka. Hakuna kuongeza, hakuna kupunguza. Kwa wengine wenye mkono mzito wa kuandika, mama wa nyumba njo alishika kalamu jioni, na yeye hakuwa anasamehe hata dakika moja.

Baada ya miezi mitatu madaftari yalisema neno moja. Saa ya ku mlango ilikuwa mbele dakika 8, basi watu walikuwa wanaanza dakika 8 mbele ya wakati. Jioni, karani alikuwa anaandika 18h00 kwa wote, lakini wale wa kupokea walikuwa wanafika na dakika 12 hivi juu. Nane na kumi na mbili ni ishirini. Dakika 20 mara siku 24 za kazi ni dakika 480, maana yake saa nane. Kila mwezi kila mtu alikuwa anatoa siku nzima bure.

Ku mkutano jibu la kwanza lilikuwa: "Hizo saa zenu ni za dola kumi na tano za sokoni." Mwenzetu mmoja, fundi wa umeme, akajibu kwa heshima: "Shefu, saa kumi na mbili za bei ya chini ziko zinasema kitu kimoja. Saa moja ya bei ya juu iko inasema kingine. Tufungule redio." Redio ikafunguliwa. Juma lile lile saa ya ukutani ikapangwa, na jioni kila mtu akaanza kuandikwa kwa dakika yake ya kweli. Malipo ya nyuma yalikubaliwa kwa ile miezi mitatu iliyoandikwa. Miaka iliyopita mbele ya hapo, hapana: haikuwa na karatasi.

Tangu wakati ule watu wanakuja kutuuliza saa gani ya kununua, na hatuoni haya kuzungumza juu ya hiyo kama vile tunavyozungumza juu ya bulletin ya mshahara.

Kwanza, bei ya chini haimaanishi saa mbaya. Ndani ya saa ya betri mna kipande kidogo cha quartz, ndugu ya jiwe lile lile jeupe ambalo wachimbaji wanalipasua kila siku, ingawa hicho kinatengenezwa ku fabriki. Ukikipitishia umeme kinatetemeka mara 32,768 kwa sekunde, na saa inahesabu mitetemo ile. Saa ya kwanza ya mkono ya namna hiyo, Seiko Astron, ilitoka Japani Desemba 1969, na bei yake ilikuwa yeni 450,000, pesa za kununua gari. Leo kazi ile ile inafanywa na saa ambayo kijana anaweza kununua kwa mshahara wa siku mbili tatu. Casio ya plastiki inakosea labda sekunde 30 kwa mwezi. Saa ya springi ya tajiri inaweza kukosea sekunde hizo kwa siku chache tu. Mbele ya mkaguzi wa kazi, ile ya plastiki njo shahidi bora.

Wazo hili la saa ya mfanyakazi ni la zamani. Georges-Frédéric Roskopf alizaliwa Ujerumani mwaka 1813, akaenda kutengeneza saa Uswisi, ku La Chaux-de-Fonds. Wakati ule saa ya mfukoni ilikuwa mali ya watu wenye nacho. Yeye akataka saa ya franka 20, karibu mshahara wa juma moja wa kibarua. Akapunguza vipande mpaka vikabaki 57, akaacha mapambo, akachukua ganda la chuma cha bei ndogo, na mwaka 1867 saa ikatoka. Waliiita "la Prolétaire". Mafundi wakubwa wa pale hawakufurahi, lakini wafanyakazi walizinunua sana.

Sisi tumechukua kipimo chake: hakuna saa ndani ya sanduku itakayopita mshahara wa juma moja wa mwenye nyumba, na ile ya kazi iwe chini sana ya hapo. Na hatununui zote siku moja. Saa tano zinaweza kuchukua miaka miwili. Mtu akija na saa tano mara moja, mke wake ana haki ya kuuliza.

Ya kwanza ni ya kazi. Wengi wetu tunavaa Casio F-91W, ile nyeusi ndogo mnayoijua nyote. Ilitoka mwaka 1989 na haijabadilika karibu kitu: uzito gramu 21, saa, tarehe, kengele ya kuamsha, na kronometa. Betri yake inaitwa CR2016, na Casio inaihesabia miaka karibu saba. Taa yake ni dhaifu kama macho ya muzee, lakini chini ya ardhi una taa ku kofia, basi haidhuru. Ya bandia ni nyingi ku soko ya Kenya na ku mpaka wa Kasumbalesa. Finya kifungo cha kuume na ukishikilie sekunde tatu: ya kweli itaandika CASIo ku kioo. Wenye kutengeneza bandia wengine wamejifunza hiyo pia, basi angalia tena maandishi ya kifuniko cha nyuma, yawe yamechorwa safi, na vifungo visilegee. Kama hata hivyo umepata ya bandia, usilie sana. Ipatanishe na redio, ingoje juma mbili, uone imekosea kiasi gani. Tumeona za bandia zilizoshika saa vizuri, na tumeona nyingine zilizokufa mbele ya mwisho wa mwezi.

Hapo tuseme juu ya maji, maana fundi wa saa wa kwetu, anayekaa na meza yake chini ya parasoli, anatuambia saa nyingi anazopokea zimekufa kwa maji. Neno "water resist" bila namba, kama ku F-91W, ni la mvua na la kunawa mikono. Si la kuogea, si la kuingia mtoni, na usifinye vifungo wakati imelowa. Namba 30 M ni karibu vilevile. Ku 50 M unaweza kuoga. Ku 100 M unaweza kufanya kazi ndani ya maji ya pompu siku nzima. Kwa hiyo anayefanya kazi pale maji yanapomwagika, au pale vumbi ni nyingi kiasi cha kuosha saa kila jioni, aanze na Casio W-800H. Ni kubwa kidogo, ya 100 M, na betri yake inahesabiwa miaka kumi. Bei inapanda kidogo tu.

Vijana watatuambia: na G-Shock? Tunaijua habari yake na tunaipenda. Fundi wa Casio anayeitwa Kikuo Ibe aliangusha saa aliyopewa na baba yake, ikavunjika. Akataka kutengeneza saa inayoanguka kutoka metro 10 bila kufa, inayovumilia maji ya bar 10, na betri ya miaka 10. Alitengeneza mifano zaidi ya 200, alikuwa anaitupa kupitia dirisha la choo cha ghorofa ya tatu, na mwaka 1983 ya kwanza ikatoka. Kwa wale wa marteau na wa mashini zinazotikisika ni saa nzuri sana. Lakini bei yake ya kweli inavunja kanuni ya Roskopf kwa wengi wetu, na zile za bandia ni nyingi zaidi kuliko za kweli. Tunasema: iwe ya sita, siku ile mishahara itakapopanda.

Neno kwa wale wa elektrolizi, pale mashaba inapojishika ku mabamba. Umeme unaopita pale ni mwingi mno, na pembeni yake kuna nguvu ya sumaku. Saa yenye mishale inasimama au inakimbia ovyo, na ile ya springi inashikwa na sumaku mpaka fundi aitoe. Saa ya namba, kama F-91W, haina mishale wala mota, inaendelea na kazi yake. Mwenzetu wa pale alikuwa anafikiri watu wanamroga saa. Hapana, ni kazi yake njo inamroga.

Na kwa wote: ku bande inayokokota mawe, ku rola, ku tour ya fundi, na kwa mafundi wa umeme, usivae saa ya mkanda wa chuma, wala pete. Mkanda wa plastiki ukishikwa unakatika. Ule wa chuma haukatiki, na wewe unajua nani atakatika. Pale ambapo hata plastiki imekatazwa, mtieni saa ndani ya mfuko wa kifua na pini.

Saa ya pili ni ya mama, na ya tatu ni ya mwanafunzi. Hizi tunataka ziwe na mishale. Mama anayempa mtoto dawa kila saa nane, anayepanga kurudi kwa mume wa posti ya usiku, anayeuzisha sokoni na kujua saa ngapi wateja wanakuja, anahitaji saa kuliko delege yeyote. Casio MQ-24 ni nyepesi, inasomeka kwa mbali, na mkanda wake unaingia ku mkono mwembamba. Mwanafunzi naye: siku ya Exetat telefone haiingii, na tumeona watoto wenye akili wakiacha maswali kumi bila jibu kwa sababu walikuwa wanafikiri muda ungaliko. Tena mtoto anayejifunza mishale anajifunza robo, nusu, na mara tano bila kuchapwa. Wengine wanasema mishale ni ya kizamani. Sisi tunaona mtoto anayesoma namba tu anajua ni 7h48, lakini yule wa mishale anaona kipande cha muda kinachobaki.

Ya nne ni ya akiba. Chukua F-91W ya pili, uiweke ndani ya sanduku, imepatanishwa. Ile ya kazi ikipasuka Jumanne, Jumatano kadaftari kanaendelea. Hakuna kingine cha kusema juu yake.

Ya tano ni ya siku ya Mungu, na hapa tuachieni tufurahi kidogo. Ni Seiko 5. Jina hilo lilianza mwaka 1963, na tano ni mambo matano: inajijaza yenyewe kwa kutikisika kwa mkono, inaonyesha siku na tarehe ndani ya dirisha moja, inavumilia maji, kifungo chake kimefichwa pale kwa namba 4 isiingilie mkono, na ganda na mkanda wake ni imara. Betri hakuna. Ukiivua inaendelea karibu saa 40, kisha inalala. Kwa kuandika masaa ya kazi haifai, maana inaweza kukosea sekunde kadhaa kila siku, na nyingine hata zaidi ya nusu dakika. Lakini fundi wa kwetu anaweza kuifungua, kuisafisha na kuifunga, na mtoto wako ataivaa. Mpya inaweza kupita juma la mshahara. Tafuteni iliyotumika, kwa fundi mnayemjua, na mwacheni aifungue mbele yenu. Zile za soko zenye uso uliopakwa rangi mpya mara nyingi zimeunganishwa kutoka saa tatu zilizokufa.

Tunasema ni ya furaha kwa sababu nyingine tena. Magurudumu na bamba za ndani ya saa nyingi za springi ni za brasi, na brasi ni mashaba na zinki. Waya mwembamba unaozunguka mota ya saa ya mishale ni mashaba. Na springi yenyewe? Zamani ilikuwa ya chuma, ilikuwa inashika kutu na kukatika. Miaka ya 1940 kampani ya saa ya Elgin, Marekani, ilitafuta springi isiyokatika, ikapata mchanganyiko ulioitwa Elgiloy: karibu sehemu 40 kwa mia ni kobalti. Ule wa Uswisi, Nivaflex, ni 45 hivi kwa mia. Miaka ile kobalti nyingi ya dunia ilikuwa inatoka hapa Katanga. Hatuwezi kusema springi ile ni ya jiwe la Kolwezi au la Kambove, maana jiwe likishayeyushwa halina paspoti. Lakini muzee aliyevaa saa ku misa alikuwa amevaa kitu ambacho watu kama yeye walichimba.

Na kuna jiwe lingine, ambalo hatulipendi.

Saa za zamani, zile za mbele ya miaka ya 1970, mara nyingine zina mishale na namba zilizokuwa zinawaka usiku. Rangi ile ilikuwa na radiumu. Ku mji wa Orange, New Jersey, kuanzia 1917 wasichana waliajiriwa kupaka namba hizo. Ili brashi iwe na ncha, walifundishwa kuipitisha mu midomo. Waliambiwa haina neno. Wakati ule ule wataalamu wa kampani walikuwa wanajikinga kwa risasi wakishika radiumu. Meno ya wasichana yakaanza kutoka, taya zikaoza, mifupa ikavunjika. Kampani ikakana. Mwaka 1927 Grace Fryer na wenzake wanne walipeleka kesi, na mwaka 1928 walipata malipo, wakiwa tayari wagonjwa sana. Ku Ottawa, Illinois, ku kampani nyingine, Catherine Donohue alishinda mwaka 1938 na akafa mwaka ule ule. Kesi hizo njo zilisaidia kufungua mlango wa sheria za magonjwa ya kazi kule Marekani.

Radiumu ya Orange ilitoka ku mawe ya Colorado. Lakini Union Minière ilikuwa imepata Shinkolobwe, karibu na Likasi, jiwe lake lilijulikana tangu 1915. Mwaka 1922 fabriki ya Olen, Ubelgiji, ikaanza kutoa radiumu ya jiwe lile, na kwa miaka kumi hivi Wabelgiji walishika karibu soko lote la dunia. Watu wengi wanajua Shinkolobwe kwa sababu ya bomu la 1945. Mbele ya bomu ilikuwa mishale ya saa. Majina ya wale waliobeba mifuko ya jiwe lile kwa mabega hakuna aliyeyapeleka ku kesi.

Kwa hiyo: ukikuta saa ya muzee yenye namba za rangi ya kahawia, iliyokuwa inawaka na sasa haiwaki, usifikiri radiumu imeisha. Rangi njo imekufa, radiumu yenyewe inachukua miaka 1,600 ili nusu yake iishe. Usiifungue, usikwaruze, usimpe mtoto, usilale nayo. Irithi kama ukumbusho, ndani ya sanduku, mbali na kitanda. Saa mpya zinatumia rangi nyingine isiyo na sumu hiyo.

Hatari iliyo karibu zaidi, lakini, ni betri. Zile bapa za milimita 20, kama CR2016 na CR2025, mtoto mdogo anaweza kuzimeza, na ikikwama ku koo inachoma nyama ndani ya saa mbili. Msingoje aitapike, msimpe mafuta wala bukari ya kusukuma. Hospitali, saa ile ile. Betri iliyokufa inafungwa na skochi pande zote mbili mbele ya kutupwa. Anayechoka na betri atafute saa ya mwangaza: Citizen inaziita Eco-Drive, na Casio pia ina zake. Zinakula jua, na jua hatukosi, ila bei ni ya juu.

Kupatanisha: sikilizeni vizuri redio inasema saa ya wapi. Kinshasa iko nyuma yetu saa moja, na kila mwaka kuna mtu anayepatanisha montre kwa saa ya Kinshasa na kukosa bisi. Kwa wale wanaofanya kazi na madereva wa Tanzania, muangalie zaidi. Dereva akikuambia "saa mbili asubuhi" anahesabu kutoka macheo, kwake ni 8h00 ya Dar es Salaam, na wakati huo huku Lubumbashi ni 7h00. Zambia, ng'ambo ya Kasumbalesa, saa ni moja na yetu.

Sasa pesa. Tunafanya likelemba ya saa, watu kumi, kila mtu anatoa kidogo siku ya mshahara, na kila mwezi mmoja anapata saa, si pesa. Tulikataa pesa kwa sababu pesa inapita njia ya nganda. Mama wawili wanashika kasha. Kadaftari ka masaa ni sharti: asiyeandika miezi miwili anaruka zamu. Mwezi huu zamu ilikuwa ya baba mmoja wa posti ya usiku. Ameomba iwe MQ-24 ya binti yake anayejitayarisha kwa Exetat, na siyo ya kwake. Tumekubali. Mpaka mwezi ujao, masaa yake yataandikwa kwa saa ya mwenzake wa kiti cha pili mu bisi.